Eru Paki Atafuta Gari la Kuanzia

Kwa miaka mingi mtu wa kwanza kuingia uwanjani Okerua siku ya mashindano ya magari alikuwa Eru Paki, na wa kwanza kutolewa alikuwa yeye pia. Wiki nzima aliendesha boza la maziwa, akipita shamba kwa shamba chini ya mlima. Jumamosi, kuanzia Oktoba hadi Aprili, aliendesha boza la maji la klabu. Uwanja wetu ni duara refu la udongo wa mfinyanzi, na udongo huo una tabia za mtoto mchanga. Ukiunywesha mno, magari yanateleza kama yamekanyaga sabuni. Ukiunyima, vumbi linapanda mpaka jukwaani na watu wanatafuna chipsi zenye mchanga. Eru aliujua. Alimwaga, akashuka, akaukanyaga kwa kisigino, akapanda akamwaga tena. Bendera ya kijani ilipokaribia kupepea aliambiwa aondoe boza lake, akaenda kuliegesha nyuma ya ukuta, na mbio zenyewe akazisikia kwa masikio tu.

Mimi naitwa Selwyn. Eru amemuoa dada yangu, Ngaire, na nyumba zetu zinatazamana, kwa hiyo haya niliyaona mwenyewe.

Mwaka ule klabu ilipata boza jipya, la kunyunyiza kwa kubonyeza swichi, na likakabidhiwa Tiaho, mwanamke kijana anayeendesha mitambo kwenye machimbo ya kokoto. Eru alimfundisha Jumamosi kadhaa. Kisha akashukuriwa kwenye kipaza sauti, watu wakapiga makofi, akapewa kiti jukwaani. Nilikaa naye siku hiyo. Pai ya nyama ikapoa mkononi mwake. Aliinuka, akakaa, akainuka tena, kama mtu aliyesahau jiko linawaka. Tulipovuka daraja la mto, njiani kurudi, akanigeukia.

"Shemeji," akasema, "nataka kukimbiza gari."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jikoni Ngaire alikuwa anakata mkate. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kisu chini.

"We Eru! Magoti yanalia ukiinama kufunga viatu, leo unataka kukimbiza gari?"

"Kwenye gari unakaa, mke wangu. Huinami."

"Si ununue boti, kama wanaume wengine wakianza kuzeeka?"

"Boti inanitapisha."

Dada yangu akaokota kisu chake tena. Anamjua mume wake. Si mtu wa kutaka vitu, na mtu asiyetaka vitu akitaka kimoja, ukimnyima unamvunja.

"Haya. Lakini nisikilize vizuri. Paa la nyuma litengenezwe kwanza. Krismasi tunakwenda kwa mama kama kawaida. Na hilo gari lako lisije likala kwenye sahani zetu."

"Halitakula."

"Selwyn, wewe ni shahidi."

Habari ilienea kabla wiki haijaisha, na kila mtu akawa na ushauri. Wa kwanza alikuwa Murdo, muuza nyama wetu. Murdo anashindana katika daraja la magari ya kugongana. Humo kumgonga mwenzako si kosa, ndio mchezo wenyewe. Gari limezungushiwa mabomba ya chuma mbele na nyuma, na ukimbamiza mtu ukutani jukwaa zima linasimama kukushangilia.

"Ukitaka kuanza kwa bei nafuu anza na sisi," alimwambia Eru huku akimfungia soseji. "Gari la kwetu halihitaji kupendeza. Likibonyea, nyundo. Likivunjika, unachomelea. Mwenye gari zuri anajitafutia huzuni tu."

Maneno hayo yalikuwa na mantiki. Siku ya mazoezi Murdo akamwazima gari lake, yeye mwenyewe akachukua la mdogo wake, wakaingia uwanjani. Kwenye kona ya kwanza Murdo alimgonga ubavuni. Kwenye kona ya tatu alimgonga kwa nyuma, akampungia mkono. Eru alitoka na shingo imepinda upande kama kuku anayesikiliza mvua. Wiki nzima iliyofuata alirudisha boza la maziwa nyuma kwa kutegemea vioo tu, maana kichwa hakikugeuka.

"Vipi, unajiunga nao?" nikamuuliza.

"Shemeji, Jumatatu mpaka Ijumaa ninaendesha nikiomba Mungu nisigongwe. Jumamosi nikalipe ili nigongwe?"

Murdo hakukasirika. Alimpa nusu kilo ya ini, dawa ya shingo, akasema.

Wa pili alikuwa Kelvin Paki. Kelvin ni mtoto wa baba mkubwa wa Eru, na katika ukoo wao yeye ndiye mwenye jina la mbio. Gari lake lilikuwa la bluu iliyokolea, chini karibu na ardhi, lenye injini ya silinda nane ambayo ikiwashwa mabati ya gereji yanatetemeka na mbwa wa jirani wanaingia uvunguni. Kelvin alikuwa anaunda jipya, na hilo la bluu alitaka kumwachia Eru kwa bei ya undugu, pamoja na tela lake. Bei yenyewe ilikuwa nzuri kweli. Sisemi uongo.

"Ingia," Kelvin akamwambia.

Eru akaingia, akashika usukani. Kelvin akapitisha mkono dirishani akawasha injini. Niliuona uso wa shemeji yangu wakati ule, nikajua tumekwisha.

"Utaanzia juu, mdogo wangu," Kelvin alisema baada ya kuizima. "Kwa nini uanzie chini na watoto na wazee? Wewe ni Paki."

"Nipe siku mbili, kaka."

"Siku mbili za nini? Tupeane mikono sasa hivi."

"Nipe tu."

Siku mbili hizo alizitumia kwenda kwa Beryl Hanning. Mama Beryl ni mkaguzi wa klabu. Hakuna gari linaloingia uwanjani bila yeye kulizunguka na kinyundo chake kidogo, akigonga kila mahali palipochomelewa na kusikiliza mlio. Tulimkuta zizini, anakata kwato za kondoo.

"Gari la Kelvin ni zima," alisema bila kuinua kichwa. Habari zilikwishamfikia. "Nimelikagua mwenyewe, halina kasoro."

"Basi nilinunue?"

"Sijasema hivyo. Njoo unishikie mguu huu."

Eru akapiga magoti, akashika mguu wa kondoo.

"Watu wote wananiuliza gari linauzwaje," Mama Beryl akaendelea. "Hakuna anayeniuliza linakula nini. Matairi ya nyuma ya lile la bluu yanaisha Jumamosi moja, ukibahatika mbili. Injini ile ikikohoa, fundi wa kuigusa yuko Auckland, na ana foleni. Wewe ungeifungua mwenyewe?"

"Hapana."

"Shemeji yako?"

"Mimi ni mpaka rangi," nikasema.

"Haya. Na ukiyapata hayo yote, utashindana na nani? Daraja la Kelvin linaleta magari sita, na madereva wote sita wamezaliwa ndani yake. Utawaona mara mbili tu. Wakikupita, na wakikupita tena." Akauachia mguu, kondoo akaondoka akichechemea kwa maringo. "Jumamosi hii usikae jukwaani. Mbio zikiisha pita huko nyuma yanakoegeshwa magari. Tazama nani anacheka na nani yuko uvunguni."

Tulifanya alivyosema. Mwanga wa kiangazi ulikuwa bado haujaondoka wakati magari ya mwisho yalipotoka uwanjani. Kwenye kambi ya Kelvin wanaume watatu walikuwa wameinamia injini, hakuna aliyesema na mwenzake. Kelvin alikaa juu ya tairi, anajitazama viganja. Alikuwa ameshika nafasi ya tatu, lakini ungedhani anatoka kuzika.

Kule mwisho, karibu na uzio, kulikuwa na magari kama ishirini ya daraja tunaloliita la magari ya kawaida. Ni yale yale yanayopeleka watoto shule. Sheria inataka injini ibaki kama ilivyotoka kiwandani, matairi ni ya bei ya chini na yanakaa muda mrefu, na kugongana hakuruhusiwi. Mwanamke mmoja alikuwa anamwazima jeki yule aliyetoka kumshinda. Mwingine alikuwa anachoma soseji kwenye jiko la gesi, watu wamejipanga na vipande vya mkate mkononi. Mwenye jeki alikuwa Jocelyn, muuguzi.

"Gari hili ulilitoa wapi?" Eru akamuuliza.

"Kwa shangazi. Macho yake yalianza kumsumbua, akaniambia nilichukue kabla hajamgonga mchungaji."

"Na humu hamgongani kabisa?"

"Ni marufuku. Tunagusana kwa bahati mbaya, kisha tunaombana radhi kwa soseji. Unataka?"

Eru alikula soseji mbili. Walizungumza kuhusu breki, kuhusu mahali pa kununua mikanda, kuhusu namna ya kunawa udongo masikioni. Niliporudi kumwita twende alikuwa chini ya gari la mtu asiyemjua, ameshika tochi, anacheka.

Kumwambia Kelvin ndiko kulikuwa kugumu. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, na Eru alikuwa ameshaweka mguu kwenye tawi la kwanza.

"Unalikataa gari langu ukaendeshe la kwendea sokoni?" Kelvin alisema.

"Nimelikataa tumbo lake, kaka. Wewe sijakukataa."

"Akina Paki wote tunakimbiza magari makubwa."

"Basi mimi nitakuwa Paki wa magari madogo."

Kelvin hakutabasamu. Alifunga mlango wa gereji tukiwa bado tumesimama pale. Katika sherehe ya kuzaliwa ya shangazi yao alipakua chakula chake akaenda kula kwenye veranda, na Eru akaosha vyombo muda mrefu kuliko vilivyohitaji kuoshwa.

Gari lenyewe halikuwa mbali. Binti wa Eru na Ngaire alipohamia Perth, ng'ambo ya bahari, aliacha nyuma ya banda gari dogo jeupe, limeota kutu kidogo kwenye milango. Eru akampigia simu kuomba ruhusa.

"Baba, mle si kuku wanataga?"

"Kuku nitawahamisha."

"Na wewe unajua kuendesha kwa kasi?"

"Ndiyo ninakwenda kujifunza."

Tulitoa viti, vioo, mazulia, na mayai mawili yasiyofaa tena. Kila kilichoweza kuungua kikatoka. Kizimba cha vyuma cha ndani, cha kumlinda dereva gari likipinduka, kilichomelewa na fundi mwenye kibali, kwa maana hilo Eru hakutaka tujaribu wenyewe. Kiti kilikuwa kipya. Mikanda mipya, kofia mpya, ovaroli isiyoshika moto mpya. Ngaire alipoona kofia ikitolewa kwenye boksi aliuliza kwa nini kitu kimoja kidogo hivyo kipate heshima kuliko gari zima.

"Gari naliokota nyuma ya banda," Eru akamjibu. "Shingo nitaiokota wapi?"

Tangu siku hiyo dada yangu hakulisema vibaya tena lile gari.

Mama Beryl alilikataa mara ya kwanza. Aligonga vyuma, akaridhika, kisha akashika kiti kwa mikono miwili akakitikisa. Tulikuwa tumekifunga kwenye bati la sakafu.

"Ukibiringika kiti hiki kitaondoka na wewe mkatembee," akasema. "Kifungeni kwenye kizimba. Rudini Jumamosi ijayo."

Tukarudi. Akalipitisha, akalipiga kofi la upole kwenye paa, kama mtu anayemruhusu farasi.

Siku ya mbio ya kwanza Eru alisimama kwenye uzio akimtazama Tiaho anavyomwagilia, midomo ameiuma.

"Anamwaga mno kona ya pili."

"Mwachie kazi yake, shemeji."

"Mimi kona ya pili nilikuwa naipa kidogo tu."

Kumbe alikuwa na mpango. Wageni wote huanzia nyuma kabisa, na huchorwa alama ya msalaba mweupe kwenye buti la gari ili wengine wawaonee huruma. Eru alikuwa amepiga hesabu kwamba akifika kona ya pili atapita upande wa nje, karibu na ukuta, kwa sababu miaka yote pale udongo ulishika vizuri. Watu wote wangebanana ndani, yeye angewapita kwa nje kama mwenye nyumba anayepita mlango wa uani.

Bendera ya kijani ikapepea. Mzunguko wa kwanza alikuwa wa mwisho lakini yumo. Wa pili akaufuata mpango wake, akaanza kuwapita wa nyuma kwa nje. Gari likateleza, likageuka kama mbwa anayefukuza mkia wake, likasimama likiwatazama wale waliokuwa wanakuja nyuma kulizunguka. Wakampita kushoto na kulia kama maji yanavyopita jiwe. Akawasha, akageuza, akaendelea. Alimaliza wa mwisho, na wale wa mbele walikuwa wamemtangulia kwa mzunguko mzima.

Alipotoka, Tiaho alikuwa ameegesha boza karibu, mkono nje ya dirisha.

"Mzee Eru! Kona ya pili imekufanyaje?"

"Umemwaga mno!"

"Nimemwaga kama ulivyonifundisha, mzee wangu. Kisigino na kila kitu."

Kicheko kikamshika Eru mpaka akaegemea boneti, udongo ukimdondoka kwenye nyusi. Udongo aliokuwa anaujua ni ule wa mwendo wa polepole, chini ya kiatu. Huu wa kasi ulikuwa mwingine, na hawakuwa wamejuana bado.

Ngaire alikuwa amekaa kwenye gari letu muda wote, redio juu ili asisikie. Akateremka.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Na gari limefika?"

"Limefika."

"Basi kula." Akampa mkate wa kukaanga uliojaa siagi.

Jocelyn alipita na sahani yake akamwambia jambo moja tu. "Unatazama ukuta, Eru. Gari huenda macho yanakokwenda. Tazama njia ya kutokea kona." Ikamchukua wiki nyingi kulitii neno hilo. Alikuwa wa mwisho tena, kisha wa pili kutoka mwisho, kisha wa mwisho kwa sababu waya ulichomoka. Lakini kila Jumapili gari lilioshwa, likaangaliwa, likafunikwa, na chakula cha mchana kikaliwa bila manung'uniko. Msimu mzima lilidai matairi mawili, na rejeta tuliyoitoa kwenye magari mabovu kule mjini. Paa la nyuma lilitengenezwa. Krismasi tulikwenda kwa mama.

Januari injini mpya ya Kelvin ilipasuka. Nilikuwa pale. Mlio ulikatika ghafla, moshi mweupe ukatanda, na kipande cha chuma kikatoka ubavuni kikaanguka kwenye nyasi. Ikapelekwa Auckland, kwenye foleni, na lile la bluu lilikuwa limevuliwa matairi na vipuri kulivisha lile jipya. Jumamosi mbili Eru alimwona kaka yake amesimama nje ya uzio peke yake, mikono mfukoni, mtu asiye na pa kwenda.

Siku moja akaniambia tupeleke samaki wa kukaushwa kwa moshi kwa Kelvin. Tukamkuta gerejini, anapanga spana zilizokwishapangwa. Eru akaweka samaki mezani.

"Kaka, gari langu linakwenda nje kila nikiingia kona. Sijui lina nini."

Kelvin akaendelea kupanga. Nikaanza kusoma maandishi ya kopo la oili.

"Umeweka springi gani?"

"Zile zilizokuja nalo."

"Zote nne?"

"Zote nne."

Kelvin akageuka. "Mungu wangu, Eru. Umekuwa unashindana na springi za kubebea viazi?"

"Sikujua."

"Lilete. Lilete leo. Selwyn, kamletee huyu gari lake kabla hajajiua."

Sijui mpaka leo kama Eru hakujua kweli. Jocelyn angeweza kumwambia, na yeyote kati ya wale wa soseji pia. Sikumuuliza. Ninachojua ni kwamba kuanzia siku hiyo Kelvin alikuja kila Alhamisi jioni na boksi la zana, akilalamika kuhusu gari la kwendea sokoni huku akilala chini yake muda wote, na hakuna springi iliyowekwa ambayo sheria ya daraja haikuiruhusu. Alimsumbua Mama Beryl kwa maswali mpaka akamwambia aje akate kwato.

Mashindano ya mwisho ya msimu yalikuwa Aprili, hewa imeanza kuwa ya baridi. Eru alianzia nyuma, msalaba mweupe bado uko kwenye buti. Aliingia kona ya pili kwa ndani, kichwa kimegeuka kuelekea njia ya kutokea, na gari likamfuata. Akapita mmoja. Mzunguko uliofuata akapita wawili waliokuwa wanabishania njia. Kelvin alikuwa ameparamia uzio, anapiga kelele kama mwendawazimu. "Ndani! Kaa ndani, mdogo wangu, kaa ndani!" Ngaire alikuwa ametoka kwenye gari. Alisimama karibu nami, vidole masikioni, lakini macho wazi.

Eru aliendelea kuwapita mmoja mmoja, akamaliza wa saba. Hakupewa kikombe, wa saba hapewi kitu. Jocelyn alishinda, akatuletea soseji mwenyewe.

"Sasa msimu ujao upande daraja," Kelvin alimwambia kesho yake, wakilimwagia gari maji uani. "Umeiva. Lile la bluu bado ninalo."

"Nipande niende wapi? Kuna sita pale mbele yangu sijawapita."

"Ukiwapita?"

"Watano labda nitawapita, lakini kuna Jocelyn. Yule atanichukua miaka."

"Springi za mbele tukizishusha kidogo," Kelvin akasema, akichuchumaa kutazama chini ya tairi, "kidogo tu, unaona hapa?"

Eru naye akachuchumaa, magoti yakalia. Ngaire aliwaita mezani mara mbili. Hawakumsikia.